Duka la kanga Kariakoo: kanga zao nyota tano, ufungaji zawadi nyota moja na hiyo moja nimewahurumia

Naandika hii nikiwa nimeshapoa, maana ningeandika wiki ile ile ningetukana watu. Ni duka la kanga na vitenge, Kariakoo upande wa Msimbazi, jina silitaji kwasababu walikosea alafu wakarekebisha (nusu nusu, nitafika huko), ila nitawaeleza kila kitu, nilinunua nini, bei gani, yakatokea yapi, ili hata ukiingia duka lingine la namna hiyo ujue macho uweke wapi.

Kwanza mjue nilitumwa nini. Binti wa shoga yake shangazi alikuwa anafanyiwa kicheni pati Tabata mwezi wa nane. Sasa shangazi yangu ni mtu wa Tanga, Ngamiani, Dar kaja ukubwani, na ana daftari. Sio utani, ana daftari lile gumu la kaunta. Kila shughuli iliyowahi kufanyika kwake, akika, arobaini, harusi za watoto, mpaka ile siku katoka hospitali kufanyiwa operesheni watu wakaja kumjulia hali, kila aliyeleta kitu yumo, jina, kitu, idadi. Akavaa miwani, akashuka na kidole mpaka 2011, akasema, "Mama yake alinitunza doti sita kwenye harusi ya mwanangu, moja kisutu. Tunarudisha sita, moja kisutu." Nikajaribu, nikamwambia shangazi si tumpe blenda au pesa tu, mabinti wa siku hizi kanga wanafungia nini. Hakunijibu. Alifunga daftari tu, nikaelewa.

Kwa wale ambao kwenu haipo hii, zawadi kwa watu wa pwani ina kwenda na kurudi. Ni kama sahani ya futari ya jirani, hairudi tupu. Ukirudisha pungufu umemdharau mwenzio, ukirudisha mara tatu yake umemringia, anaanza kuwaza na yeye akikulipa atakulipa nini. Kwaiyo doti sita ni doti sita. Na doti ni vipande viwili vya mchoro mmoja na jina moja (ndio yale maandishi ya chini) vilivyotoka kiwandani vimeshikana, unakata mwenyewe na kupinda. Kipande kimoja peke yake hicho sio zawadi, hicho ni cha kufutia meza. Shikeni hapo kwenye vipande viwili mana ndio kiini cha malalamiko yangu.

Basi, Jumamosi nikapanda mwendokasi Kimara, nikashuka Msimbazi Polisi, nikajikamua Mtaa wa Kongo na pochi nimeikumbatia kama mtoto mchanga, nikaingia humo dukani kama saa tatu asubuhi. Duka dogo, limejaa mpaka juu, kanga zimepangwa kwa rangi sio kwa bei, ngazi moja ya mbao, na mzee mmoja kakaa kwenye stuli na kikombe cha kahawa.

Nataka nimsifie huyu mzee mpaka mchoke. Nimemwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, alafu hakuniuliza unataka ya bei gani wala rangi gani, kaniuliza, "Unampa nani?" Nikasema bi harusi, wa kicheni pati. "Wewe ni nani yake?" Nikaeleza, zawadi inatoka kwa shangazi, shoga yake mama wa binti. Akaanza kushusha. Yani yule mzee anajua majina ya kanga zote zilizomo humo ndani kichwani, hafunui. Mimi nimeona moja nzuri sana, kijani na njano, pindo pana, mji (ile sehemu ya ndani ya pindo) una korosho kubwa katikati, nikaivuta, akasema bila hata kugeuka, "Iyo iache, hapo pameandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO, unampelekea bi harusi umwambie anasafiria nyota ya nani?" Nikarudisha taratibu. Nyingine nyekundu, SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU, akasema hii nzuri ila mpe mtu mzima, au mtu anayetoka kuugua, binti anaanza safari leo usimkumbushe kushuka. Nilicheka mpaka mteja wa pembeni akageuka.

Watu wengi wa umri wangu tunanunua kanga kwa macho. Rangi imekubali, basi, lipa, ondoka. Kumbe unayempa anaisoma kabla hajaigusa, mama mtu mzima akifunua kanga jicho linaenda chini pale kwenye maandishi kabla ya kitu chochote, anataka ajue umemwambia nini. Kanga haijawahi kuwa kitambaa tu toka ianze kuandikwa, zamani walikuwa wanaandika kwa herufi za Kiarabu, baadaye ndio zikaja hizi za kirumi, lakini kazi ni ile ile, kumwambia mtu kitu bila kufungua mdomo. Wake wenza wamepigana vita nzima kwa kanga na hakuna aliyetoa sauti.

Akanichagulia tano za binti, nyingine moja ya mama yake nikaongeza mimi mwenyewe kwa hela yangu (WAZAZI NI DHAHABU KUWATUNZA NI THAWABU, huwezi kukosea na hiyo, mpe mama, mpe mkwe, mpe bibi), alafu kisutu. Hii kisutu kwa wasioijua ni ile kanga ya zamani nyekundu nyeusi na nyeupe, ya bi harusi, mabibi hawaelewi ndoa bila hiyo. Maduka mengi ukiulizia wanakupa kitu chekundu chochote. Yeye alikuwa nazo za aina mbili na kanionyesha tofauti, moja pamba tupu moja imechanganywa. Akanifundisha na namna ya kujua, nikunje kona niibane kwa ngumi nihesabu mpaka kumi, pamba inabaki na mikunjo, ile ya kuchanganywa inafunguka yenyewe kama haijaguswa. Pia akaniambia kanga mpya zote ngumu ngumu usidanganyike, ule ugumu ni wanga wa kiwandani, ukifua unaondoka, kwaiyo iangalie kwenye mwanga uzi umekaa karibu karibu au umeachana ndio utajua itabaki nini baada ya kufua. Mama mmoja aliyekuwa pale anachagua sare za msiba naye akadakia, mara ya kwanza loweka na chumvi, peke yake, usije ukachanganya na shuka nyeupe. Hiyo najua, nina shuka la pinki nyumbani ambalo halikununuliwa la pinki.

Tukaanza stori za zamani pale, ndio hasara ya kwenda duka la mzee. Akalalamika kanga za siku hizi nyingi zinatoka India na China, akakumbuka za Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa na Wachina kikafunguliwa 1968, anasema doti ya Urafiki ulikuwa unabebea watoto watatu mpaka wote wanaanza shule na bado rangi ipo. Yule mama wa msiba kumbe ana ndugu Mombasa, akasema kule wanaita leso, na wao kwao bila kuona Mali ya Abdulla imeandikwa pembeni hawajapewa leso. Hilo duka la Mtaa wa Biashara lipo toka 1887 kwaiyo wana haki ya kuringa. Mzee akakunja uso kidogo akasema na yeye za Abdulla anazo, ziko juu, ila bei yake nisimlaumu.

Bei sasa. Doti za kawaida za pamba 14,000, nilichukua tano za binti ikawa 70,000. Kisutu 16,000. Jumla ya zawadi 86,000, na ile ya mama 14,000 pembeni. Nilipunguziwa 2,000 tu baada ya kubembeleza sana, mzee anapunguza kwa shida, ila hakuna alichonidanganya. Hapo ningeondoka, leo mngesoma maelezo mafupi ya nyota tano na picha.

Sasa pembeni ya mlango kuna meza. Hii meza nadhani sio ya mzee kabisa, ni ya mtu mwingine kapangishiwa kona, ila risiti inatoka moja na ukuta una bango moja kwaiyo kwangu mimi ni duka moja. Hapo wanafunga zawadi. Picha zimebandikwa, kanga zimekunjwa zikawa maua ya waridi, kanga zimekuwa keki ya ngazi tatu, kanga zimekuwa mashua, kuna hadi mnyama pale sikumtambua, pengine bata. Dada mmoja mrembo, maneno matamu kama kashata, akaniambia "jamani dada'angu utapeleka doti sita mkononi kama umetoka kuanua nguo?" Na kweli nikajiona. Mnajua kicheni pati za sasa, sio kama unaingia na mfuko unaweka kwenye meza unakaa. Kundi lenu linaitwa na MC, mnaingia mnacheza, zawadi iko kichwani au mikononi inaonekana, video inachukuliwa, kundi la wenzenu wamekuja na friji wanalisukuma kwa miondoko, mashoga wa kazini wana jiko la gesi la plet nne lina utepe, alafu sisi na doti kwapani. Nikaona aibu ya bure. Nikakubali keki ya ngazi tatu. 45,000.

Ndio, 45,000 kufunga kanga za 86,000. Zaidi ya nusu. Nimeshaambiwa na kila mtu, hamna haja ya kurudia.

Wakaleta Tabata siku yenyewe kwa bodaboda, 7,000 nyingine, walichelewa kama saa moja lakini kicheni pati haijawahi kuanza mda ulioandikwa kwenye kadi kwaiyo hilo siwalaumu. Keki ilikuwa nzuri, haki ya Mungu ilikuwa nzuri, ngazi ya chini bluu, katikati njano, juu kisutu imekunjwa waridi moja kubwa. Tumeingia nayo shangazi mbele anakata mauno ya kistaarabu, wamama wamepiga vigelegele, kungwi mwenyewe kasimama kuishika. Shangazi siku ile alinibusu.

Wiki mbili baadaye bi harusi akanipigia. Kashaolewa, kahamia kwa mumewe, na siku chache nyuma ndio walikaa na mama mkwe na wifi zake wakafungua zawadi. Sauti ndogo ndogo, kama yuko chooni (alikuwa chooni). "Dada samahani, naomba nikuulize na usinielewe vibaya. Ile kisutu, shangazi alitaka kusema nini?"

Nikasema kusema nini kivipi.

Kumbe wamefungua keki. Katikati kuna gunzi la boksi, limekunjwa likawa nguzo, kanga zimezungushiwa kwa nje ndio mana keki ilionekana imenona. Sawa, hilo nitameza. Lakini ile waridi ya juu walipoikunjua ni kipande kimoja cha kisutu. Kimoja. Na ndani yake, kimefungwa nacho pamoja kwa pini, kipande kimoja cha kanga nyingine kabisa, ya zambarau, ambayo mimi sikuinunua wala sijawahi kuiona, kimeandikwa HASIDI HANA SABABU.

Naomba mjiweke kwenye kile chumba. Mama mkwe mtu wa Kilwa, watu wanaojua kusoma kanga. Nusu ya kisutu, kitu cha ndoa, kimekatwa, kimeviringwa na neno la hasidi, kimewekwa juu kabisa ya zawadi kutoka kwa rafiki mkubwa wa mama wa binti. Huyo mama mkwe kakaa siku tatu hajasema kitu, anatafuta hasidi. Ni yeye anaambiwa? Ni wifi? Wifi mkubwa naye kanuna kwasababu anadhani ni yeye. Siku ya nne ndio binti akakusanya ujasiri wa kunipigia. Na mkumbuke kwa mila hakuna mtu ambaye angempigia shangazi kumuuliza, zawadi haiulizwi, wangekaa nayo moyoni na kwenye daftari la upande wao ingeandikwa vile vile ilivyo, nusu kisutu, na siku ya shughuli ya kwetu tungerudishiwa nusu kisutu tukaanza na sisi kununa bila kujua tulianza sisi.

Shangazi kumwambia nilichukua siku mbili. Presha yake ipo juu.

Nimerudi dukani. Yule dada kwanza kaniambia haiwezekani, alafu kaniambia labda wamechanganya hukohuko nyumbani, alafu nilipomwonyesha picha kwenye simu ndio akakumbuka siku ile walikuwa na oda mbili kwa wakati mmoja, keki ya mteja mwingine ilipungukiwa rangi nyekundu kidogo "kwa ajili ya muonekano", wakaazima kipande kutoka kwangu wakaweka cha huko kwangu. Wakaazima! Kwake yeye kanga ni kama puto, ilimradi rangi imeshika. Nikamuuliza umesoma kilichoandikwa, akanitazama, akasema kwa unyofu kabisa, "Mimi huwa sisomi dada, nakunja maandishi yaende ndani yanaharibu keki." Nilishindwa hata kugomba. Kumbe ndio mtindo wao, maandishi yanaenda ndani kwenye keki zote, nenda kaangalie picha zile ukutani, hakuna hata moja yenye neno.

Na pini. Tundu za pini kwenye doti tatu, ndogo, zile zinavumilika. Ila kuna gundi, ile inayoyeyushwa kwa umeme, wametia matone kwenye pindo ili ngazi zisiteleze, na ile kwenye pamba haitoki, ukikwangua inaondoka na rangi. Doti ya bluu ina madoa mawili kama ukurutu. Hiyo wameniambia "ukipinda itafichika". Itafichika wapi, iko katikati ya pindo.

Mzee alikuwa ananisikiliza tu mda wote. Akashuka kwenye stuli, akapanda ngazi mwenyewe, akashusha kisutu nyingine nzima, ile ya pamba tupu, na doti ya bluu mpya, akanipa, hakuuliza risiti. Akasema nimwambie shangazi kwamba dukani wamekosa adabu na yeye anaomba radhi. Hela ya kufunga ndio ikawa shughuli, yule dada anasema kazi ilifanyika, keki ilisifiwa, video ipo, na kwa kweli video ipo. Tukavutana mpaka nikarudishiwa 20,000. Kwaiyo keki ya boksi na fumbo imenigharimu 25,000 na nauli zangu mbili.

Kisutu mpya tukapeleka na shangazi mwenyewe, kwa miguu yake, mpaka kwa mama mkwe. Haikufungwa na kitu chochote. Aliikunja vizuri, maandishi ya ile ya bluu kwa juu yanasomeka, akaweka kwenye sinia na udi kidogo na halua nusu kilo. Nilikuwa nimekaa kimya pembeni nikiangalia wale wamama wawili wanavyocheka, wanaulizana hasidi alikuwa nani. Wifi mkubwa kaleta juisi. Kile kipande cha zambarau kinafutia jiko sasa hivi, nimekiona kwa macho yangu.

Nimerudi tena duka lile mwezi uliopita, ndio, nimerudi, kwa mzee sio kwa meza. Safari hii ni mwenzangu wa kazini kajifungua, na kwa mzazi hakuna kitu kinachoshinda doti mbili laini zilizoshafuliwa mara moja, mana anayekwenda leba anaambiwa abebe kanga na anayerudi nyumbani hazimtoshi, za kumfunika mtoto, za kumbebea, za kujifunga mwenyewe. Mzee kanichagulia za 14,000 tena, bei haijapanda. Mfuko wakaniuzia 500, hizi mbadala toka ile ya plastiki ikatazwe 2019, ila imara, nabebea mboga mpaka leo. Shangazi naye akanituma nimchukulie nne za wifi yake aliyeko Muscat, kila mtu anayekwenda Oman lazima apitie kwake kuchukua mzigo, wanasema kule kanga zipo ila za kwetu zinanukia nyumbani. Hizo nimezisoma neno kwa neno kabla hazijaingia kwenye mfuko.

Kama unakwenda, nenda asubuhi kabla ya saa nne, mzee baada ya adhuhuri huwa hayupo na kijana anayemshikia anakupa chochote. Mwambie unampa nani na wewe ni nani yake. Omba doti isikatwe, ihesabu ikiwa imeshikana. Yule dada wa kwenye meza atakuita, ana sauti nzuri sana, mwitikie salamu yake upite.